Mtungi Haujisogezi

Kule Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, mtu anaweza kupanga foleni ya maji huku amelala kwake. Anayepanga foleni si yeye, ni mtungi wake. Tangu alfajiri mitungi ya manjano husimama mstari mmoja mbele ya bomba, na wenyewe wako nyumbani wanafagia au wanawasha moto wa chai. Bomba likifunguliwa, kila mtungi unapojaa na kuondolewa, mingine yote husogezwa mbele kidogo. Kwa hiyo wasichana wa jirani hushika zamu: mmoja hukaa na mitungi ya wenzake, akiisogeza mpaka ifike. Asiye na mtu wa kumsogezea, mtungi wake hurukwa na wengine, na bomba likifungwa kabla jua halijawa kali, atarudi nyumbani na mtungi mkavu.

Awut alikuwa hodari wa zamu hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa wazazi waliokimbia kutoka Sudan Kusini, na yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo kambini. Wenzake wa foleni walikuwa watatu. Nyaruach aliishi na bibi yake mwenye mguu mbovu, na kicheko chake kilifanana na mlio wa mbuzi. Nabei, Mturkana wa Lopur, alikaa kwa shangazi yake karibu na kambi. Wa tatu alikuwa Ebla, binti wa mfanyabiashara wa Kisomali, na huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa kundi. Ebla aliweza kuanza hadithi mtungi wa kwanza ukiwa mtupu, na akaimaliza wa mwisho ukiwa umebebwa kichwani.

Awut alimpenda Ebla kuliko wote. Basi Mzee Abdikafi, babake Ebla, alipofungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Lodwar na kuihamisha familia yake yote, Awut alihisi kama mtu aliyenyang'anywa sauti ya nyumba yake. Siku ya kuondoka Ebla alifunga uzi wa buluu kwenye mkono wa mtungi wa Awut. Mtungi wake mwenyewe, uliokosa kifuniko, alimwachia bibi ya Nyaruach.

"Usinisahau, abaayo," alimwambia Awut, kwani ndivyo Wasomali wanavyomwita dada. "Nitakutumia picha."

Na picha zilikuja. Mama yake Awut alikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, lakini mchana kutwa alishinda akidarizi mashuka ya maua na wanawake wenzake, na mtu aliyeshika sindano hana haja ya simu. Kwa hiyo Awut ndiye aliyeishika.

Picha ya kwanza ilikuwa ya bomba. Lilikuwa bomba linalong'aa, ndani ya jiko, bila foleni na bila mtungi hata mmoja. Ya pili ilikuwa ya sakafu ya vigae. Kisha zikafuata viatu vyeusi vipya vya shule, sahani ya chipsi na kuku, na Ebla amesimama kwenye daraja la mto Turkwel, shungi lake likipepea. Macho hayana pazia, wahenga walisema, na macho ya Awut yalikula kila kitu. Alizitazama picha hizo asubuhi, akazitazama tena akitoka shule, na kila alipoinua uso kutoka kwenye kioo kile kilichopasuka, nyumba yao ilionekana imezidi kuwa ndogo.

Kabla ya hapo hakuwahi kuliona vumbi la Kakuma kuwa ni vumbi. Lilikuwa ardhi tu. Sasa aliliona kwenye miguu yake, kwenye sufuria, kwenye sare yake iliyoshonwa viraka viwili mgongoni. Aliona aibu hata kwa vitu ambavyo havikuwahi kumwaibisha mtu yeyote.

Akaamua na yeye atume picha. Alizunguka soko zima kutafuta mahali pa kupigia, mpaka akaona duka lenye mlango uliotoka kupakwa rangi ya buluu. Alimwomba Nabei ampige picha, huku Nyaruach akisimama kando kumshikia vitabu. Ilipotoka, Nyaruach alionekana ndani yake, na kandambili zake zilizofungwa kwa waya. Awut aliikata picha mpaka akabaki yeye na mlango wa buluu peke yao, akaituma.

"Mbona umenitoa?" Nyaruach aliuliza, akicheka.

"Haukuonekana vizuri," Awut alisema, akiitia simu mfukoni.

Tangu hapo akaanza kujitenga. Hakugombana na mtu. Alikuwa tu na safari yake ya kwenda Lodwar ndani ya simu, na safari hiyo haikutaka wenzake. Aliweka mtungi wake kwenye foleni kisha akarudi kukaa ndani, na wenzake waliusogeza bila kunung'unika. Waliupeleka hadi nyumbani ukiwa umejaa. Hakuwauliza ni nani aliyeubeba.

Jumamosi moja ikafika zamu yake mwenyewe. Nabei alikuwa amekwenda kumsaidia shangazi yake kuuza makaa, na Nyaruach alikuwa akimkanda bibi yake mguu, maana ulikuwa umevimba usiku kucha.

"Awut, leo usiondoke," Nyaruach alimwambia. "Kwetu maji imeisha kabisa. Bibi hajakunywa hata dawa."

"Sawa, niko."

Na kweli alikuwepo. Aliketi juu ya jiwe, mitungi yao miguuni pake, simu mkononi. Ebla alikuwa ametuma picha nyingi za sherehe ya jirani: nguo za kumeta, hina hadi viwikoni, keki ya ghorofa. Awut alizikuza moja moja. Alitazama vidole, akatazama vikombe, akatazama mapazia ya watu asiowajua. Foleni ikasogea mbele yake. Mwanamke mmoja akamwambia asogeze mitungi yake, akaitikia "mm" bila kuinua kichwa. Mwanamke akangoja kidogo, akapita. Wengine wakafuata. Kilichomwamsha ni ukimya. Bomba lilikuwa limefungwa, watu wametawanyika, na mitungi mitatu imesimama peke yake kwenye tope, yote mitupu.

Nyaruach alikuja akiwa ametoka jasho. Alitazama mitungi, akaitazama simu. Awut alingoja atukanwe, na pengine ingekuwa nafuu.

"Ulikuwa umekaa hapa," Nyaruach alisema polepole, "lakini haukuwa hapa."

Aliubeba mtungi usio na kifuniko, akaenda kumtafuta Nabei. Wale wawili waliteremka hadi laga, mto ule mkavu unaopita kando ya Kakuma, wakachimba mchanga kwa mikono kama Nabei alivyofundishwa na mama yake, wakangoja maji yajikusanye shimoni. Jua lilikuwa utosini waliporudi. Bibi ya Nyaruach alimeza dawa yake wakati watu wengine wanakula chakula cha mchana.

Awut alizijua habari hizo kwa kusikia, kwa sababu hakuthubutu kwenda. Aliona aibu. Siku zilizofuata aliteka maji kwenye bomba la mtaa mwingine, mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Huko aliuacha mtungi wake mara moja tu, aende kivulini. Aliporudi aliukuta umetupwa nje ya mstari, uzi wa buluu umejaa matope. Hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Ulikuwa tu mtungi usio na mtu.

Usingizi ukamhama. Chakula alikirudisha nusu. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia, na alipoulizwa ana nini, alisema kichwa kinamuuma. Jioni alilala akiwa ameutazama ukuta, na kitu kizito kimemkalia kifuani. Alimtamani Ebla. Alizitamani zile asubuhi za wanne. Ajabu ni kwamba alimtamani hata Nyaruach, aliyekuwa anaishi hatua chache tu kutoka mlangoni kwao.

Mama yake aliketi kando yake na shuka lake mapajani.

"Awut, hujala."

"Sina njaa."

"Jana pia hukuwa nayo." Mama alivuta uzi. "Na wale wenzako siku hizi hawapiti hapa."

Maneno yakamtoka Awut yenyewe. "Mama, kwa nini Ebla yuko kule na sisi tuko hapa?"

Sindano ilisimama katikati ya ua jekundu. Awut akaona kwamba amemuumiza.

"Hilo swali hata mimi ninajiuliza," Mama alisema. "Ninajiuliza kila siku ya Mungu. Lakini sijiulizi peke yangu. Najiuliza nikiwa pale na wenzangu tukidarizi. Mmoja analia, mwingine anamchekesha, siku inakwisha. Moyo nao unaugua, mwanangu, na ugonjwa wake unapenda mlango uliofungwa."

Alimsogezea sahani, akaendelea kudarizi.

Kesho yake alasiri simu ikalia. Alikuwa Ebla, na safari hii hakutuma picha. Alipiga.

"Abaayo, uko poa?"

"Niko poa," Awut alisema, ingawa hakuwa.

"Mimi siko poa," Ebla akasema.

Awut alidhani hakusikia vizuri.

"Nataka kukuomba kitu, na usinicheke. Nenda pale bombani kwetu, unirekodie sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya foleni. Mitungi ikigongana. Wale wamama wakigombania nafasi. Nyaruach akicheka ile kicheko yake ya mbuzi." Sauti ya Ebla ilikuwa imepungua. "Huku nafungua maji, inajaa, nafunga. Basi. Mama yuko na mtoto, baba yuko duka mpaka jioni. Geti imefungwa. Shule wanaongea Kiturkana na mimi nasikia kidogo tu, wananiita yule mpya. Saa ya mapumziko nasimama kwa ukuta, najifanya natafuta kitu kwa mkoba."

"Lakini zile picha?"

"Picha ni za kweli. Viatu ni vyangu, chipsi nilikula. Ile sherehe nayo tulialikwa, na nilikaa kwa kiti mpaka ikaisha, hakuna mtu aliniuliza jina. Picha haina sauti, Awut. Wewe ulidhani nacheka na nani?"

Kwa majuma yote hayo Awut hakuwahi kujiuliza swali hilo hata mara moja.

"Na ile yako ya mlango ya buluu," Ebla aliendelea, "naitazama kila siku."

"Ile nilikuwa peke yangu."

"Haukuwa peke yako. Uliikata vibaya. Hapo kando kuna kiwiko, na kikuku ya shanga nyekundu. Hiyo ni kiwiko ya Nyaruach. Wallahi nimeitazama hiyo kiwiko mpaka nikalia. Nikasema, huyu Awut ana bahati, bado ana mtu wa kusimama na yeye."

Hapo Awut akalia. Alilia kwa sauti, na katikati ya kilio akamweleza Ebla yote: picha aliyoikata kwa aibu, zamu aliyolala macho wazi, mguu wa bibi, shimo la laga, bomba la mtaa wa mbali. Ebla alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo tangu azaliwe hakuwa amelizoea.

"Sasa nenda," alisema mwishowe. "Kama unaogopa kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu."

Jumamosi alfajiri Awut alisimama mlangoni kwa Nyaruach, mtungi wake mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na mlango ulipofunguliwa yote yakamtoroka.

"Nipe mtungi wenu," alisema. "Leo ni zamu yangu."

Ndani ya nyumba bibi alikohoa, akauliza ni nani. "Ni Awut," Nyaruach alijibu, kisha akamgeukia. "Na simu?"

"Ninayo. Itakaa mfukoni. Nisamehe, Nyaruach. Nilikukata kwenye picha kisha nikakukata kwenye maji. Hukunikosea kitu."

Nyaruach aliingia ndani, akatoka na mtungi usio na kifuniko, akampa.

Awut aliketi juu ya lile jiwe. Aliiwasha simu irekodi, akaitia mfukoni, na macho yake akayaacha kwenye mstari. Alisogeza mtungi wa Nyaruach, akasogeza wa Nabei, akasogeza wake. Mzee mmoja alipokuwa akitafuta pa kuegemea, Awut aliusogeza na mtungi wa mzee huyo. Nabei alifika, miguu yake imejaa vumbi, akamsalimu "ejok" kana kwamba walionana jana, akaketi. Wanawake wawili wakaanza kuvutana: huyu anasema alikuwa mbele, yule anasema mbele ni mbele ya nani. Mitungi ikagongana. Mtoto akateleza kwenye tope, akakaa humo humo akicheka. Na nyuma yao, bila kutarajiwa, kikasikika kicheko cha mbuzi. Nyaruach alikuwa amekuja.

"Mnarekodi nini?" aliuliza, maana Awut alikuwa ameuinamia mfuko wake.

"Nyinyi. Ebla anataka kusikia bomba."

"Anataka kusikia bomba?" Nyaruach alishangaa, kisha uso wake ukabadilika polepole. Akaelewa. Aliinama hadi kwenye mfuko wa Awut, akasema kwa nguvu, "Ebla, mtungi yako iko hapa. Bado haina kifuniko. Watu, sogezeni mtungi ya Ebla!"

Foleni nzima ikacheka, hata wale wawili waliokuwa wakivutana.

Mtandao pale bombani ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo Awut alipanda kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule ili aitume sauti ile. Alikawia huko, maana ilikwenda kwa kusitasita. Aliposhuka alikumbuka mtungi wake: zamu ilikuwa yake na ameiacha tena. Alikimbia. Mstari ulikuwa umekwisha na bomba linafungwa. Lakini kando ya lile jiwe mtungi wenye uzi wa buluu ulikuwa umesimama, umejaa hadi mdomoni, na Nyaruach amekaa kando yake akiulinda.

"Ulichelewa," Nyaruach alisema. "Nikausogeza."

Walisaidiana kujitwisha, wakaondoka pamoja na Nabei, na njiani wakazungumza habari za Ebla mpaka wakafika.

Mchana ule Awut alikula, na Mama alimtazama akila bila kujifanya hamtazami. Walikuwa bado wameketi pale jibu la Ebla lilipoingia. Haikuwa picha. Awut aliibonyeza sauti, wakasikiliza wote wawili.

Mwanzoni ilikuwa sauti ya geti likifunguliwa. Kisha pikipiki zikapita, na mbuzi, na watoto mbali wakicheza kwa Kiturkana. Ebla akasema, karibu sana na simu, "Nimeisikiliza yenu mpaka bando imeisha. Sasa nimetoka nje. Sikiliza na wewe." Kisha ikasikika sauti ya msichana mwingine, ngeni, ikiuliza, "Unarekodi nini hapo? Wewe unaitwa nani?"

"Ebla," ikajibiwa, na sauti ikakatika.

Awut alibaki ameikumbatia simu. Alimtamani Ebla vilevile. Kutamani huko hakukupungua hata chembe. Lakini hakukumkalia tena kifuani.

"Mama," alisema, "nilidhani yeye ana kila kitu."

Mama aliweka shuka chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Hayo walisema watu wa zamani, na hawakuwa na simu. Mwenzako ana mazuri yake, mfurahie. Wewe una yako, yashike. Lakini ukikaa peke yako ukapima maisha yako kwa picha ya mtu, utajikuta umepungua kila siku, na yule mtu hajaongezeka. Binadamu si wa kukaa peke yake, Awut. Awe Lodwar kwenye vigae, awe Kakuma kwenye vumbi, lazima awe na wa kumuuliza jina na wa kumwambia ukweli siku moyo ukiuma. Umeuona mtungi wako leo?"

"Nimeuona. Nyaruach aliusogeza."

"Basi usisahau. Mtungi haujisogezi."

Awut aliinuka, akauchukua mtungi, akaosha matope kwenye ule uzi wa buluu mpaka rangi yake ikarudi. Kisha akatoka kwenda kwa Nyaruach, kumsikilizisha bibi sauti za Lodwar.